Plagi Moja, Wilson, Asubuhi ya Julai

Julai Nairobi ni baridi, na Rotax 912 ULS, injini ndogo ya ndege, ikiwa baridi haitaki haraka. Asubuhi ile uwanja wa ndege wa Wilson, mwanafunzi wa urubani alichomoa dipstiki, kijiti cha kupimia oili, ya ndege ya viti viwili akaikuta kavu, akaliendea kopo la oili.

"Ngoja, kijana. Zungusha propela kwanza," fundi akamwambia.

Oili ya injini hii hukaa kwenye tangi lake la pembeni, na ndege ikilala, nyingine hushukia ndani ya injini. Basi unazima swichi zote mbili za ignisheni, moja kwa kila mfumo wa cheche za plagi, unazungusha propela kwa mkono ili oili irudi tangini, mpaka tangi ligugumie. Usizungushe kinyume kamwe: hewa itaingia kwenye njia za oili za vali. Tangi likagugumia, na dipstiki ikatoka na oili katikati ya alama mbili. Kati ya alama hizo ni kama nusu lita tu. Lita aliyotaka kumimina ingefurika.

Injini ikawashwa: mizunguko 2,000 kwa dakika, kwa muda wa dakika mbili, kisha 2,500 hadi oili ifike nyuzi 50. Kwenye 4,000 akazima swichi moja. Sindano ya mizunguko ikashuka kidogo, kama kawaida. Akaiwasha, akazima ya pili. Sindano ikaporomoka zaidi ya 400 na dashibodi nzima ikatetemeka. Mwisho wa kushuka ni 300, na pande mbili zisipishane zaidi ya 115.

"Mwalimu, si tungeenda tu? Mfumo ule mwingine ni mzima," mwanafunzi akamwambia mwalimu wake.

Wilson iko futi 5,536 juu ya bahari. Nguvu za farasi 100 za injini hapo zimebaki 80 na kitu hata kabla jua halijakali. Ndege ikarudi karakana.

Silinda nne, plagi nane, kila mfumo ukiwasha plagi moja kwa kila silinda. Injini ikaachwa ipoe kabisa, ikawashwa kwa mfumo mgonjwa peke yake kwa muda mfupi, ikazimwa. Fundi akadondosha maji kwenye ekzosi za silinda zote: tatu zikachemsha tone papo hapo, ya nne ikaliacha litiririke. Plagi yake ilitoka na vipunje vya kijivu vimeziba mwanya wote. Madini ya risasi.

Yanatoka kwenye petroli ya ndege yenye risasi, 100LL. Injini inaikubali, ila chakula chake hasa ni petroli isiyo na risasi, oktani 95. Foleni ya Wilson nayo inachangia: ukingoja ndege za Caravan za kwenda Maasai Mara ziondoke, injini inanguruma chini chini, haipati joto la kuchoma uchafu. Risasi hiyo hushuka pia kwenye oili, na giaboksi ya propela inatumia oili hiyo hiyo.

Plagi zote nane zikabadilishwa injini ikiwa baridi, nyuzi zake za skrubu zimepakwa kidogo grisi ya kupitisha joto, ncha zikaachwa safi. Jaribio la pili pande zote mbili zikashuka karibu sawa. Fundi akaandika kitabuni: kubadilisha oili kila saa 50 za injini, si 100. Jua lilikuwa limeshakali. Somo likahamishiwa kesho yake alfajiri.