Kutoka Baltimore mpaka mtaa wa 48, kumfuata mzee De Shields

Jamani kwanza mnijuze, hivi nani hapa anamjua André De Shields? Mimi kabla sijahamia Maryland nilikuwa simjui kabisa, maana sisi tuliokulia Tanga Wamarekani tunaowajua ni wa sinema na wa hiphop, hawa wa majukwaani wanaoigiza huku wanaimba na kucheza hawatufikii, labda uwaone kwa bahati kwenye YouTube saa nane za usiku ukiwa huna usingizi.

Aliyeniambukiza huu ugonjwa ni bibi mmoja jirani yetu, mzaliwa wa Baltimore Magharibi, ana miaka themanini na ushee na hukumu zake hazina rufaa. Mei 2022 akasikia De Shields anaaga shoo ya Hadestown kule Broadway, kwenye zile kumbi kubwa za maonyesho za New York, mwisho tarehe 29. Akaniita barazani kwake, akaniambia nyie mnakaa tu hapa mnaangalia simu, mtoto wetu anaondoka mjini kwa watu na nyie mko saa nne tu kwa basi, nendeni mkamuone. Huyo "mtoto wetu" wakati huo ana miaka 76 lakini kwa bibi ni mtoto tu, tena alimuona mwenyewe kwa macho mwaka 1974 pale pale Baltimore, ukumbi wa Morris Mechanic, wakati The Wiz, ile hadithi ya The Wizard of Oz iliyogeuzwa ya watu weusi, inajaribiwa kabla ya kupelekwa New York.

Basi kabla ya safari nikapita katikati ya mji kuuona huo ukumbi. Haupo. Waliubomoa 2014, lilikuwa jengo la zege tupu, wengine wanasema lilikuwa baya wengine wanalilia mpaka leo, nilichokikuta mimi ni kiwanja kimezungushiwa uzio na watu wanapita na kahawa zao hawana habari. Na hapo ndipo The Wiz ilipopanda jukwaani mara ya kwanza Oktoba 1974, waigizaji wote weusi, De Shields akiwa ndiye huyo Wiz mwenyewe, kijana wa miaka 28 anaimba mjini kwao. Mambo yalikuwa magumu, shoo ikiwa bado iko njiani ikabadilishwa mpaka dairekta, akapewa Geoffrey Holder, mpaka inafika New York Januari 1975 imenyooka, mwaka ule ikazoa Tony 7, hizo ndizo tuzo kubwa za Broadway. De Shields hakupata hata moja, hata kuteuliwa hakuteuliwa. Hilo lishike, tutalirudia.

Safari nilienda na mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ambaye kusema ukweli alikuja kwa ajili ya kupiga picha Times Square. Tulipandia White Marsh alfajiri, basi likachelewa na hakuna aliyetuambia kitu, tumesimama kwenye paking na kabaridi kale ka asubuhi tunakula sambusa zilizokuwa za mchana. Likaja, tukalala Delaware yote, tukaamkia New Jersey kwenye ile barabara ya kulipia ambayo haina cha kuangalia zaidi ya matangi na maghala.

"Kaka," ananiambia, "kwa nini tusiende tu kuona ile ya Simba? Angalau majina tutayaelewa."

Si mbaya wazo lake, The Lion King ipo pale Minskoff, mtaa wa 45, na ndani kuna Simba kuna Rafiki kuna hakuna matata, kila Mmarekani akishajua natoka Tanzania ndicho kitu cha kwanza kuniimbia. Nikamwambia Simba hastaafu, huyu mzee anaondoka wiki ijayo. Akanuna mpaka tunatoka kwenye handaki la Lincoln, alipoona maghorofa akasahau.

Sasa hapa ndipo penye uhondo. Shoo yetu ilikuwa saa mbili usiku na sisi tumefika mchana, nikasema tusizurure hovyo, nilikuwa nimeandika kwenye simu kumbi kadhaa za Broadway alizowahi kufanyia kazi huyu mzee, nikitegemea tutapanda treni tuzunguke mji. Wapi! Zote zimejipanga kati ya mtaa wa 44 na wa 49, katikati ya Broadway na barabara ya nane, kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho ni kama mita mia nne hivi. Maisha ya mtu ya karibu miaka 50 unayatembea kwa miguu na soda haijaisha mkononi.

Tukaanzia 44, ukumbi wa Majestic, ndipo The Wiz ilipofikia mwaka 1975. Tulivyopita sisi ilikuwa ni shoo ya Phantom of the Opera tu mabango juu mpaka chini. Tukapanda mpaka 47, Brooks Atkinson (baadaye mwaka huo huo wakaubadilisha jina ukawa Lena Horne), hapo alifanya Play On! mwaka 1997, muziki wa Duke Ellington na hadithi ya Shakespeare imehamishiwa Harlem. Miezi miwili haikuisha shoo ikafungwa, ila ndiyo iliyompa kuteuliwa Tony kwa mara ya kwanza, ana miaka 51. Akakosa. Halafu 49, Eugene O'Neill, The Full Monty mwaka 2000, hiyo ni ya wanaume wa Buffalo waliopunguzwa kazi kiwandani wakaamua kuvua nguo jukwaani wapate hela, mdogo wangu alicheka mpaka watu wakageuka. Akateuliwa tena. Akakosa tena. Mtaa huo huo wa 49 kuna Ambassador, ndipo alipoingilia Broadway mwaka 1973 na shoo inaitwa Warp!, kundi lao lilitoka Chicago wamejaa matumaini na shoo haikumaliza hata wiki mbili.

Mtaa wa 48 nilikuwa nimeuruka makusudi, nikarudi nao mwisho.

Pale kuna kumbi mbili zinatazamana. Huku namba 219, Walter Kerr, ndipo Hadestown ilipo. Ng'ambo ya barabara namba 220, Longacre. Mwaka 1978 Longacre ndipo ilipofunguliwa Ain't Misbehavin', waimbaji watano tu wanaimba nyimbo za Fats Waller, mpiga piano wa jazz wa zamani; waimbaji wenyewe ni Nell Carter, Ken Page, Armelia McQueen, Charlaine Woodard na De Shields. Shoo ikabeba Tony ya shoo bora ya muziki, Nell Carter akabeba yake, De Shields mikono mitupu, hata kwenye orodha hayumo. Ukitaka kujua kwa nini hilo linaniuma kaangalie ile iliyorekodiwa kwa televisheni ya NBC mwaka 1982, kuna kipande yuko peke yake, kashika msokoto wa bangi kwa vidole viwili, anatembea taratibu mwili unajikunja kama hauna mifupa, hana haraka na mtu, mpaka unaanza kuogopa na hujui unaogopa nini. Wa televisheni walimpa Emmy kwa kazi hiyo. Broadway wao wakaendelea na shughuli zao.

Halafu Juni 2019 kwenye sherehe za Tony pale ukumbi wa Radio City, ana miaka 73, wanamtaja mshindi wa mwigizaji msaidizi wa shoo ya muziki, kwa kazi yake hapo Walter Kerr. Yaani kutoka upande huu wa barabara kwenda ule ilimchukua miaka 41. Nilisimama katikati nikahesabu, magari yanapiga honi, mdogo wangu ananivuta shati, nilivuka kwa hatua chache tu.

Watu hupenda kusimulia hii kama hadithi ya mtu aliyesubiri, na mimi hapo sikubaliani. Huyu hakuwa anasubiri kitu, alikuwa kazini. Mwaka 2006 alicheza King Lear ya Shakespeare na kundi la Classical Theatre of Harlem, tena 2021, corona bado ipo, akaucheza tena kule St. Louis nje kwenye bustani. Katikati hapo kadairekti, kafundisha, kaenda mikoani kwenye kumbi ambazo magazeti ya New York hayafiki. Wamarekani wengi wa jukwaani maisha ndiyo hayo, Broadway ni miezi michache hapa na pale, shoo ikifungwa Jumapili, Jumatatu huna kazi, unaanza upya kwenda kwenye usaili kama vile jana hujawahi kuimba. Na ukipata, ni shoo 8 kwa wiki, Jumamosi unapiga mbili, mchana na usiku. Sisi tulikuwa tunaenda Jumamosi usiku, yaani mzee wa miaka 76 alikuwa ameshapiga moja tulipokuwa tunakula wali na kuku wa mkokoteni barabara ya nane.

Jioni mtaa wa 48 ukajaa mpaka hapapitiki, nikafikiri loh, mzee anapendwa. Kumbe umati mkubwa uko ng'ambo, Longacre walikuwa na Macbeth na aliyekuwa anacheza ni Daniel Craig, James Bond mwenyewe, watu wameng'ang'ania vizuizi na simu juu. Mdogo wangu macho yakamtoka, nikamshika mkono kabla hajapotelea huko.

Ndani wanakupa kijitabu cha Playbill bure. Sasa kama hujawahi kwenda nikupe siri, ukikipokea kitikise kwanza. Kikidondosha kakaratasi kadogo ujue kuna mwigizaji leo anaumwa au kapumzika na wa benchi anaingia badala yake. Nilikitikisa changu, nikatikisa cha mdogo wangu, nikamuomba na mama wa siti ya pili nikatikise chake, akanielewa bila hata kuuliza, akasema yupo, nimeshaangalia. Tulikuwa kule juu kabisa karibu na dari, magoti yanagusa siti ya mbele, barakoa usoni maana bado ilikuwa lazima, wahudumu wanapita na vibao vya kukumbusha watu wapandishe barakoa. Ukumbi wenyewe ni mdogo kwa Broadway, viti havifiki elfu moja, kwa hiyo hata kule juu sura unaiona.

Wakatoka waigizaji wote, bendi iko hapo hapo jukwaani, watu wanapiga makofi. Mzee akaja wa mwisho mwisho na suti ya fedha inayong'aa. Hakukimbia. Akatembea, akawatazama wenzake, akatutazama sisi, kimya, halafu akafungua kifungo cha koti. Kifungo kimoja tu bana, ukumbi mzima ukalipuka. Alikuwa bado hajasema neno. Akauliza kama tuko sawa, tukaitikia, akauliza tena, tukaitikia kwa nguvu zaidi, ni kama bibi anaposema paukwa na nyie mnasema pakawa, mkishaitikia hadithi ni yenu nyote, huwezi tena kuondoka. Tromboni ikaingia na sisi tukaenda.

Yeye ni Hermes, ndiye anayesimulia, hadithi ya zamani ya Wagiriki ya Orpheus anayemfuata mkewe kuzimu akaambiwa atatoka naye ila asigeuke nyuma. Anaijua inavyoisha toka mwanzo na anaisimulia hivyo hivyo. Muda mwingi kakaa pembeni tu anaangalia vijana wanaimba, na mimi nilijikuta namuangalia yeye anavyowaangalia. Orpheus alipogeuka ukumbi ulishtuka, mdogo wangu akasema "we!" kwa sauti, kisha mzee akakaa kimya. Kimya kirefu. Nilihisi kama amesahau maneno, lakini wapi, alikuwa ametushika tu, anatuachia pale anapotaka yeye.

Kwenye basi la usiku nikamuonyesha mdogo wangu hotuba yake ya ile Tony. Anaanza kwa kuwaita watu wa Baltimore, kwamba aliahidi atakwenda New York kuwa mtu wa kuwatoa kimasomaso na leo ametimiza. Halafu anatoa kanuni zake tatu za kudumu kwenye kazi, zungukwa na watu ambao macho yao yanang'aa wakikuona unakuja, kwenda taratibu ndiyo njia ya haraka kuliko zote ya kufika unakotaka, na kilele cha mlima mmoja ni mguu wa mlima mwingine kwa hiyo endelea kupanda. Mdogo wangu akairudisha nyuma hiyo ya pili akaisikiliza tena, akasema "Kaka, huyu mzee chunguza vizuri, atakuwa mtu wa Tanga."

Bibi tulimpelekea Playbill na akatuhoji kama polisi, kavaa nini, sauti bado ipo, anacheza bado? Kuhusu ile ya James Bond hakutaka hata kusikia. Mzee naye hakupumzika, Oktoba ile ile akawa mtaa wa 44 tena, ukumbi wa Hudson, Death of a Salesman pamoja na Wendell Pierce, hiyo si shoo ya muziki, ni tamthilia ya kusema. Na 2024 kaibuka kwenye Cats, shoo ya muziki ya zamani iliyogeuzwa ya mashindano ya ballroom, yale ya watu wa LGBTQ kushindana kwa mavazi na kucheza, ukumbi mpya kule chini karibu na World Trade Center, ana miaka 78. Hiyo sikuiona, mdogo wangu alikuwa amejifungua na hela yote ilikuwa inaishia kwenye nepi. Bibi mpaka leo ananisema.