Nilivyomzungusha baba mkwe Kilwa Kisiwani akitafuta dhahabu

Mtu akikwambia Kilwa Kisiwani ni magofu tu, nusu saa umemaliza, muulize kama alifika Husuni Kubwa, magofu ya kasri la sultani. Wengi huishia Gereza, ile ngome ya zamani karibu na gati, wakapiga picha ukutani, wakarudi Kilwa Masoko, mji wa ng'ambo bara, kula chipsi.

Jirani yangu mmoja hapa Lindi ndiye bingwa wa ushauri wa namna hiyo. "Fikeni mchana, mtalipia huko huko kisiwani, anzeni na Gereza." Nilipokwenda na mashemeji zangu tulifanya kama alivyosema. Ushauri ulianza kufa pale gatini, maana kibali hukatwa Masoko kabla hujavuka. Mpaka makaratasi yanakamilika, jua lilikuwa la utosi. Tukaona Gereza, tukaona Msikiti Mkuu, kisha tukaambiwa Husuni Kubwa iko kule juu ya jabali, upande wa mashariki. Shemeji mkubwa akatandika shati chini ya mbuyu akasema yeye atahadithiwa. Kurudi, kusi lilikuwa limechachamaa, tukavuka tumelowa mpaka kwenye pochi.

Kwa hiyo baba mkwe alipotaka kwenda, jirani sikumgusa. Nilimuuliza nahodha maji yanajaa saa ngapi, basi. Tukalala Masoko, asubuhi maji yakiwa juu mashua ikatupeleka moja kwa moja chini ya Husuni Kubwa, pembeni ya mikoko. Tukapanda mzee akiwa na nguvu zake, kisha tukateremka polepole kupitia mjini mpaka Gereza, mashua ikitungoja huko. Umeelewa? Unaanzia juu unamalizia gatini. Maji yakipwa mbinu hii haifai, utatembea kwenye tope.

Tatizo lilikuwa dhahabu. Mzee ni mtu wa Ruangwa, wachimbaji wa dhahabu wa Namungo anawajua, na alikuwa amesikia Kilwa ulikuwa mji wa dhahabu. Kila chumba cha Husuni Kubwa, na ni zaidi ya mia, alikuwa anachungulia sakafuni. Nikamwonyesha bwawa la pembe nane la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta akitawala mwaka 1331 na watu wakimwita Baba wa Zawadi. "Sawa, mkwe. Shimo liko wapi?"

Nikamwambia, baba, hapa hakuna aliyechimba. Dhahabu ilitoka bara, kwenye nchi za Zimbabwe, ikashukia Sofala, Msumbiji ya leo. Mfanyabiashara wa Arabuni akija na kaskazi, msimu mmoja haukumtosha kufika Sofala na kurudi kwao. Anaishia Kilwa. Kilwa ikakaa katikati, inapokea, inahifadhi, inatoza ushuru. Hapo nikamtajia korosho: mkulima yuko shambani, meli iko bandarini Mtwara, na mwenye ghala ndiye anayenenepa. Akacheka sana. Mkulima wa korosho humfundishi habari za ghala.

Nikaharibu mwenyewe kwa kumsimulia hadithi ya kale kwamba Ali bin Hassan, Mshirazi, alikinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka. Mzee akasimama katikati ya njia. "Kangomba hiyo! Kisiwa kizima kwa vitambaa?" Kangomba ni ule ulanguzi wa kununua korosho za mkulima kwa bei ya kutupa. Mpaka Msikiti Mkuu alikuwa bado anamsema Ali. Chini ya yale makuba ya matumbawe na chokaa ndipo aliponyamaza, akavua kofia, akagusa nguzo moja baada ya nyingine. Msikiti ulianzishwa karne ya 11, ukaja kupanuliwa dhahabu ilipokuwa inaingia vizuri. Ukienda na mzee, hapo usimharakishe.

Tulipofika Gereza mzee akauliza tena, kwa hiyo dhahabu ilikwenda wapi? Jibu nilikuwa nalo. Mreno Vasco da Gama alimtoza mfalme wa Kilwa kodi ya dhahabu mwaka 1502, na dhahabu hiyo ikafuliwa chombo cha kanisani kilichokamilika 1506. Kipo makumbusho ya Lisbon hadi leo. Mwaka 1505 akaja Mreno mwenzake, Francisco de Almeida, akaupora mji, akajenga ngome. 1512 Wareno wakaondoka. Hili jengo unaloliona sasa kwa sehemu kubwa ni la Waomani.

"Nauli ya Lisbon ni shilingi ngapi?" mzee akauliza. Nahodha alicheka mpaka akaachia usukani.

Gharama? Kibali cha Mtanzania hakiumizi. Mashua ndiyo ya kupatana mapema, na muongozaji mchukue, wetu alistahili kila shilingi. Beba maji ya kunywa mengi kuliko unavyodhani. Songo Mnara, mji mwingine wa magofu kwenye kisiwa cha jirani, ambao uko pamoja na Kisiwani kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1981, uwekee siku yake na boti ya injini. Mzee ameshaniambia anautaka, nami nangoja fedha za korosho ziingie.