Jinsi nilivyopima ari na kuridhika kwa wafanyakazi wa kituo cha kuhifadhi wanyama

Nilipokabidhiwa kazi ya kupima ari na kuridhika kwa wafanyakazi wa kituo chetu cha kuhifadhi mbwa na paka waliotelekezwa, niliamua kwanza kuyatenganisha mambo hayo mawili. Mhudumu anayebaki baada ya zamu ili amnyweshe dawa mtoto wa paka aliye taabani ana ari isiyo na shaka, lakini mtu huyohuyo anaweza kuwa haridhiki hata kidogo na mshahara, ratiba au namna anavyosimamiwa. Majibu yake yakichanganywa yakatolewa wastani mmoja, mapenzi yake kwa wanyama yatafunika manung'uniko yake, na uongozi utadhani mambo ni shwari mpaka siku atakapoleta barua ya kuacha kazi.

Kwa upande wa ari nilitumia toleo fupi la kipimo cha Utrecht, yaani hojaji inayopima jinsi mtu anavyojitoa kwa moyo kazini, lenye maswali 9 yanayojibiwa kwa namba kuanzia 0 hadi 6. Maswali ya kuridhika niliyatunga mwenyewe, yakagusa malipo, usalama, vifaa na msimamizi wa karibu. Niliongeza hojaji ya ProQOL, inayopima ubora wa maisha ya kikazi ya wanaohudumia wengine, ambayo ina maswali 30 na hutoa alama tatu zisizojumlishwa pamoja: faraja anayoipata mtu kwa kuhudumia, uchovu wa kupindukia, na majeraha ya moyo yanayotokana na kushuhudia mateso ya wengine. Kwa kuwa hojaji hiyo huuliza kuhusu siku 30 zilizopita, nilikataa kuigawa katika msimu ambao watoto wa paka huletwa kwa wingi, maana tungepima msimu badala ya kazi yenyewe.

Suala lililohitaji uangalifu mkubwa zaidi ni kuua wanyama kwa huruma. Mwanasosholojia Arnold Arluke ameeleza kwa kina mgongano wa moyo unaowapata watu wanaotakiwa kuwatunza wanyama na wakati huohuo kuwaua. Sikuona kuwa ni haki kumuuliza mtu jinsi anavyojisikia kisha kumwacha peke yake na jibu lake, kwa hiyo mshauri nasaha alipatikana kabla ya hojaji kutolewa. Nami niliuliza mambo yanayoweza kurekebishwa: je, anasikilizwa uamuzi unapofanywa, na je, hupewa nafasi ya kupumzika baadaye?

Timu ndogo haifichi mtu. Sikuuliza umri, jinsia wala miaka ya kazi, na idara yenye watu chini ya watano niliiunganisha na nyingine. Wahudumu wa mabanda hawana kompyuta, hivyo walijaza karatasi na kuzitumbukiza katika sanduku lililofungwa, ambalo wasimamizi hawakuwa na ufunguo wake.

Alama zilizonishtua zilitoka kwenye dawati la mapokezi. Tulikuwa tukiwawazia zaidi wanaoshika sindano ya kuua kwa huruma, kumbe wanaopokea wanyama kutoka kwa wenyewe, wakisikiliza visingizio na vilio mchana kutwa, walikuwa wamechoka kuliko wote huku ari yao ikiwa bado juu. Niliwasomea wafanyakazi wote matokeo hayo kabla uongozi haujaamua lolote, na wao wenyewe ndio waliopendekeza zamu za mapokezi ziwe za kupokezana. Upimaji unaofuata utatumia maswali yaleyale, katika mwezi uleule, ili tuone kama mabadiliko hayo yamewapunguzia mzigo.