Fimbo ya mita moja ndani ya picha

Picha ya korongo lililochimbwa na maji, ikikosa kipimo, huzaa ubishi. Ukiibandika mbele ya mkutano wa kijiji, huyu atasema ule ni mtaro tu, yule atasema pale ng'ombe anazama mzima, na ajenda inaishia hapo. Ikiwa na fimbo ya mita moja ndani yake, watu wanaanza kuulizana nini kifanyike.

Fimbo ipakwe nyeupe na nyeusi kwa zamu, kila sentimita 10. Nyekundu humezwa na udongo wetu wa Dodoma. Isimame chini korongoni, imegusa ukuta wenyewe. Ikisogezwa karibu na kamera huonekana kubwa, na korongo linapungua machoni pa watazamaji. Mpigaji akae mbali na ukingo, maana maji hula kuanzia chini, juu panabaki kama dari.

Piga mara mbili kwa mwaka: Novemba kabla ya mvua za kwanza, na Juni nyasi zikishakauka. Aprili majani huficha kingo. Mahali pa kusimama papigiliwe kigingi, kisha chagua vitu viwili, mfano kona ya nyumba ya karibu na mbuyu wa mbali, vinavyokaa mstari mmoja kwenye kioo cha simu. Ukikosea hata hatua moja vitaachana, utajua. Usikuze picha, na usitumie lenzi pana. Saa iwe ileile. Kuta nyingi hujieleza jua likiwa chini, saa moja hadi saa tatu asubuhi. Adhuhuri mifereji yote inakuwa bapa.

Kazi nyingi huharibikia WhatsApp. Picha ikitumwa kama kawaida hupunguzwa ukubwa na kupoteza tarehe iliyohifadhiwa ndani yake. Kuchapa A4 safi kunahitaji takriban pikseli 2480 kwa 3508, kwa hiyo tuma kama faili. Na simu iliyozimika chaji, hakikisha kwanza tarehe yake ni sahihi.

Nani apige? Wenyeji wenyewe. Wanawake wa vijijini Yunnan, China, walipopewa kamera na Caroline Wang na Mary Ann Burris miaka ya 1990, wao ndio walioamua kipi kionekane. Watu wanane hadi kumi wanatosha, wafugaji wakiwemo. Hilo la wafugaji nalisisitiza: mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwenye eneo lililomomonyoka Kondoa chini ya HADO, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, na hadi leo ukitaja korongo mfugaji anaweza kusikia "toa ng'ombe". Apige na yeye, aonyeshe njia ya kwenda lamboni anavyoiona.

Kila mmoja achague picha mbili. Chini yake yaandikwe mahali, tarehe, kina na ombi moja tu. "Tunaomba msaada" si ombi. "Mawe ya kuziba hapa, Jumamosi mbili za msaragambo" ni ombi. Sura ya mtu isitundikwe bila ridhaa yake, na ya mtoto bila ya mzazi.

Mtendaji apewe picha mapema ziingie kwenye ajenda ya mkutano mkuu, ambao hufanyika kila miezi mitatu. Bandika kwenye kadibodi, tundika usawa wa macho, kivulini, na ubane chini pia kwa vibanio vya nguo. Upepo wa hapa haubembelezi karatasi, na mbuzi hawachagui.