Gawa picha kwa mtoto, si kwa kipande

Ukisikia modeli ya kompyuta imetambua aina za uvimbe wa ubongo wa watoto kwa usahihi wa asilimia 98, uliza kwanza picha ziligawanywaje kati ya mafunzo na majaribio.

Slaidi moja, yaani kioo chenye mkato mwembamba wa tishu, ikiskaniwa kwa mikroni 0.5 kwa pikseli hufika kwa urahisi pikseli 50,000 kwa 40,000. Hakuna kompyuta ya kawaida inayoimeza nzima, hivyo hukatwa vipande vya pikseli 256 kwa 256, karibu 30,000, kisha vya kioo kitupu hutupwa. Kosa huingia hapa. Vipande vikichanganywa ovyo, mtoto yuleyule huwa na vingine kwenye mafunzo na vingine kwenye majaribio. Modeli humkariri mtoto, pamoja na rangi ya slaidi yake na mikunjo ya tishu yake. Gawa kwa namba ya mgonjwa kabla ya kukata chochote. Hata slaidi za upasuaji wa pili zikae upande uleule.

Kuna pia maabara yenyewe. Rangi ya hematoksilini hupaka viini vya seli zambarau, ya eosini hupaka sehemu nyingine waridi, lakini mkolezo hutegemea unene wa mkato (mikroni 3 hadi 5), muda kwenye rangi na kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi tishu. Biopsi (kipande cha tishu kilichokatwa kwa uchunguzi) iliyochelewa chumba cha upasuaji kabla ya kutiwa formalini ya asilimia 10 huanza kuharibika, na viini vilivyofifia huipotosha modeli. Tuseme uvimbe wote wa aina ya meduloblastoma umetoka Eldoret na wa ependimoma wote Nakuru: modeli itajifunza kutofautisha miji. Sawazisha rangi kwa mbinu ya Macenko ya 2009, zibadilishe kidogo ovyo wakati wa mafunzo, halafu ifiche hospitali moja nzima, tuseme ya Kisumu, uijaribu modeli kwa slaidi zake pekee. Kwangu mimi, bila jaribio hilo matokeo hayajakamilika.

Uvimbe wa aina ya astrositoma ya pilositiki ndio huonekana sana kwa watoto, kwa hiyo toa usahihi wa kila aina peke yake. Wastani wa jumla huficha aina adimu.

Na kuna mpaka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2021 hugawa meduloblastoma kwa molekuli pia: kundi la WNT, kundi la SHH (majina ya njia za mawasiliano ndani ya seli), na zisizo hizo mbili. Watoto wa WNT kwa kawaida hupona vizuri zaidi, kwa hiyo jibu hilo ni zito mno kuachiwa picha ya waridi na zambarau. Modeli imwonyeshe daktari wa patholojia bloku zipi za tishu zitangulie kupimwa kwa kingamwili za protini kama beta-katenini, naye ndiye atie sahihi.