Siku Moja Maishani Mwangu: Dereva wa Trekta la Kulima, Kongwa

Saa 11 alfajiri, kabla injini haijawashwa, huwa nimekwisha kuchuchumaa nyuma ya trekta nikiipaka plau grisi. Plau yetu ina sahani tatu za chuma zenye kipenyo cha inchi 26, na kila sahani huzunguka juu ya beringi yake. Naishika sahani ukingoni kwa mikono miwili na kuitikisa; ikicheza hata kidogo, najua beringi imeanza kulika na kwamba nikiiacha itafia shambani, katikati ya Desemba, wakati mvua imekwisha kulowesha ardhi na kila mkulima analitaka trekta leo hii. Wanaotuona tukipita barabarani hapa Kibaigwa, wilayani Kongwa mkoani Dodoma, hudhani kazi yangu ni kukaa kitini na kuzungusha usukani. Napenda waelewe kwamba trekta huvuta tu. Kinacholima ni plau, na plau isiyorekebishwa kulingana na udongo humharibia mkulima msimu mzima.

Saa 12 na nusu tulikuwa tumejaza dizeli na maji ya rejeta, na utingo wangu alitangulia kwa pikipiki kuelekea upande wa Hogoro.

Saa 1 na nusu niliishusha plau kwenye shamba la kwanza, na hapo ndipo ufundi unapoanza. Plau hubebwa na mikono mitatu, miwili chini na mmoja juu, mfumo tulioachiwa na Harry Ferguson, fundi wa Ireland aliyeubuni miaka ya 1920. Kabla yake, plau nyingi zilifungwa tu nyuma ya trekta na kukokotwa. Mtaro wa kwanza naupiga kwa kina kidogo, kwa sababu matairi yote manne bado yako juu ya ardhi isiyolimwa. Mkondo wa pili, matairi ya kulia hushuka ndani ya mtaro, trekta zima huinamia upande huo, na ni lazima nishuke niurekebishe mkono wa kulia unaoibeba plau hadi plau ilale sawa na ardhi. Kisha nachomeka kijiti kwenye mtaro kupima kina. Nikipata sentimita 20 kila mahali, naendelea. Nikipata 25 huku na 12 kule, narekebisha tena, hata kama mwenye shamba anang'aka kwamba muda unakwenda.

Shamba hilo la ekari mbili lilikwisha bila neno.

Saa 5 tulifika kwa mteja wa pili, na huyo ndiye aliyeila siku yetu. Ni mzee mrefu, mwenye fimbo, na nilipomwamkia aliitikia huku macho yake yakiwa kwenye sahani.

“Hii siyo plau niliyoitaka, kijana,” alisema. “Kule Mbozi kwa mwanangu nimeona ile yenye bawa. Inaupindua udongo, majani yote yanakwenda chini.”

Alichosema kuhusu plau ya bawa ni kweli. Ulimi wake hukata udongo kwa chini, bawa lililopinda huunyanyua na kuupindua, na magugu huzikwa vizuri kuliko sahani iwezavyo kuyazika. Lakini shamba lake lilifyekwa juzijuzi, na visiki vya migunga bado vimo. Ulimi ukikutana na kisiki hukwama au huvunjika, ilhali sahani, kwa kuwa inazunguka, hupanda juu yake na kushuka upande wa pili. Tena udongo wa Kongwa ni mfinyanzi uliochanganyika na mchanga: ukikauka unaganda kama saruji, na ule mchanga unakula chuma. Waingereza walijifunza hilo hapahapa mwaka 1947, walipokuja na mradi wa karanga uliokusudia kulima mamilioni ya ekari za Tanganyika. Waliagiza matrekta kutoka mabohari ya vita, wakayafunga majembe yasiyoijua ardhi hii, na ilipofika mwaka 1951 mradi ulikuwa umefutwa.

“Hayo usinifundishe,” mzee alinijibu nilipomweleza. “Baba yangu aling'oa visiki vyao.”

Nilidhani tumemaliza. Akataka nilime kwa kushuka mteremko, ili mistari iwe mirefu na trekta lisigeuke mara kwa mara. Nilikataa kwa heshima, kwa sababu kila mtaro unaoshuka unakuwa mfereji, na mvua kubwa ya kwanza ingeubeba udongo wake pamoja na mbegu. Alipokubali nikate mteremko kwa kuukingama, ukaja ugomvi wa kipimo. Huku kwetu ekari ni hatua 70 kwa 70, lakini hatua za nani? Mzee alizipiga mwenyewe, akiivuta miguu hadi kanzu ikambana, karibu mita nzima kila hatua. Kwa kipimo hicho ekari inakuwa mita za mraba 4,900, wakati ekari halisi ni 4,047 hivi, na dizeli ya ile ziada hutoka kwetu. Utingo akaitoa tepu, mzee akaikataa, majirani wakaitwa, jirani mmoja naye akapiga hatua zake fupi, zikapatikana ekari nyingi zaidi ya alizotaka mzee. Hapo ndipo aliposema tutumie tepu. Jua lilikuwa limetuwakia utosini na hatujalima hata mtaro mmoja.

Baada ya hapo sikuangalia tena saa. Ekari moja huchukua saa moja na ushei, na muda wote huo shingo imegeuzwa nyuma, kwa kuwa macho ya mlimaji yako kwenye sahani kuliko mbele. Vumbi la juu, unyevu wa chini, kishindo cha kila kisiki kikipanda mgongoni.

Shamba la mwisho lilikuwa la mama mmoja anayelima hapo tangu ujana wake. Sahani zilipozama, ziliibua mabonge bapa, yanayong'aa kwa chini. Nilisimama nikamwita aje aone: plau imepita miaka mingi kwa kina kilekile, na chini yake limeundwa tabaka gumu ambalo maji hayapenyi na mizizi ya mahindi inajikunja ikilifikia. Nilimweleza kwamba dawa yake ni ripa, jembe lenye meno linalopasua kwa kina bila kugeuza udongo, ingawa bosi wangu hana ripa na fedha hiyo itakwenda kwa mwingine. Tulikubaliana kwamba msimu ujao apasue nusu ya shamba kwa ripa mwezi wa Oktoba, udongo ukiwa mkavu, na nusu nyingine nimlimie kwa sahani, ili aone mwenyewe mahindi ya upande upi yatastahimili jua la Februari.