Pauni Moja ya Bi Norris

Nina rafiki ambaye hamalizi riwaya bila kwenda kutafuta mwandishi alisema nini baadaye. Ukurasa wa mwisho haujapoa, yeye tayari yuko kwenye mahojiano: yule binti alipona? Wale wawili walidumu? Juzi ameanza tena kunisimulia nikamwomba anyamaze, kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Usiku huu najiuliza kwa nini jambo hili hunikera, maana kuna nyakati ambapo halinikeri hata kidogo.

Kisa kinachojulikana kuliko vyote ni cha Albus Dumbledore, mkuu wa shule ya uchawi katika riwaya za Harry Potter. Kitabu cha saba na cha mwisho cha Harry Potter kilitoka Julai 2007. Oktoba mwaka huohuo, J.K. Rowling, mwandishi wake, akiwa jukwaani Carnegie Hall, New York, aliulizwa kama Dumbledore, mzee aliyeuamini mno upendo, aliwahi kumpenda mtu. Akajibu kwamba siku zote alimwona kuwa mwanamume anayependa wanaume, na kwamba ujanani alimpenda Gellert Grindelwald, mchawi aliyekuja kuwa adui yake. Ukumbi ukashangaa, kisha ukalipuka kwa makofi.

Jibu lile linakaa vizuri, na hilo ndilo linalonisumbua. Nimeirudia sura inayosimulia ujana wake. Kijana mwenye akili za ajabu amekwama nyumbani baada ya kufiwa na mama, ana dada mgonjwa wa kumtunza. Anatokea kijana mwingine mwenye akili kama zake, na ndani ya wiki chache busara yote inamruka. Wanashinda pamoja kutwa nzima wakizungumza, na bado usiku bundi anagonga dirisha la Gellert akiwa na barua ya Albus. Zamani niliposoma pale niliona tamaa ya madaraka, vijana wawili waliolewa ndoto za kutawala. Baadaye nikaona mapenzi. Sasa naona mapenzi tu, na nikijaribu kusoma kama zamani siwezi. Nilichopewa ni kizuri, lakini nilikuwa na vitu viwili na sasa nina kimoja.

Halafu linakuja swali ambalo rafiki yangu halipendi: kama alijua siku zote, mbona hakuandika? Kitabu kina kurasa zaidi ya 600. Sentensi moja ingetosha, hata nusu sentensi, bundi yule yule na neno moja zaidi. Sikatai kwamba kulisema jukwaani nako kulimletea lawama. Lakini sentensi ikiwa ndani ya kitabu, mhariri anaipitia, mfasiri anaitafsiri, mzazi anakutana nayo akimsomea mtoto, na sura zote zinazofuata zinalazimika kuibeba. Jibu la jukwaani halibebwi na chochote. Anayelitaka analichukua, asiyelitaka anaendelea kana kwamba halikusemwa.

Mwaka 2014, katika mahojiano na Emma Watson, aliyemwigiza Hermione kwenye filamu, Rowling alisema kwamba aliwaunganisha Ron na Hermione, marafiki wawili wa Harry, kwa sababu zake binafsi zisizohusu sana fasihi. Hilo sitalijadili sana. Ni majuto, na kila mtu ana haki ya kujuta. Ila nilimhurumia Ron.

Nadhani kero yangu iko kwenye gharama. Tunapoitikia "hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea", tunampa msimulizi ruhusa kubwa mno: adanganye, aue, afufue, na sisi tutalia machozi ya kweli kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kuwapo. Ruhusa hiyo ni ya wakati wa hadithi. Anayetaka kuongeza jambo baada ya kumaliza, aanze upya, tumwitikie tena. Asiniongezee mlangoni wakati naaga.

Tolkien alianza upya. Katika toleo la kwanza la The Hobbit, la 1937, Gollum hakuwa yule kiumbe wa kutisha tunayemjua. Aliiahidi pete yake ya kichawi kama zawadi ya mchezo wa vitendawili na Bilbo, shujaa wa kitabu, akaitafuta ili atimize ahadi, akaikosa, akaomba radhi na kumwonyesha njia ya kutokea. Baadaye hadithi kubwa iliyofuata ilihitaji pete ambayo hakuna anayeweza kuiachia kwa hiari. Tolkien hakuwatangazia wasomaji kwamba kumbe Gollum alikuwa vile. Aliiandika sura ile upya, ikatoka katika toleo la 1951. Na kwa kuwa nakala za zamani zilikuwa tayari mikononi mwa watu, akafanya jambo ambalo hadi leo nalionea wivu: katika utangulizi wa The Lord of the Rings akaeleza kwamba masimulizi ya mwanzo yalikuwa uwongo wa Bilbo mwenyewe, aliyetaka ionekane kwamba pete ni haki yake. Kosa la kitabu likawa dhambi ya mhusika. Ukiwa na nakala ya 1937 umeshika ushahidi wa jinsi pete ilivyokwisha kumharibu mtu mwema.

Ray Bradbury naye, miongo kadhaa baada ya Fahrenheit 451 ya 1953, alipogeuza riwaya ile kuwa mchezo wa kuigiza aliwaachia wahusika wake waseme upya. Kapteni Beatty, mkuu wa wachoma vitabu, akamfungulia Montag, mchoma vitabu aliye chini yake, nyumba iliyojaa vitabu kutoka sakafuni hadi darini, ambavyo hasomi hata kimoja. Clarisse, msichana jirani anayetoweka katika riwaya, kwenye jukwaa akaachwa hai. Bradbury hakuyachomeka hayo ndani ya riwaya, kwa kuwa hakutaka kuichezea kazi ya kijana aliyekuwa yeye mwenyewe. Kwa hiyo wako Beatty wawili, na hakuna anayemfuta mwenzake.

Wapo wasiojali kabisa. Dakta Watson, rafiki na msimulizi wa Holmes, alipigwa risasi ya bega katika hadithi ya kwanza ya Sherlock Holmes, ya 1887. Kufikia ile ya 1890 jeraha limehamia mguuni. Conan Doyle aliliacha hivyo, na wasomaji wamekuwa wakilitafutia maelezo tangu wakati huo, kwa raha zao. Angelitolea tamko, angewanyima mchezo. Samuel Beckett, alipoulizwa ni nani huyo Godot anayesubiriwa bila kufika katika mchezo wake Waiting for Godot, alisema angejua angeliandika kwenye mchezo. Ningependa jibu hilo libandikwe mlangoni pa kila ukumbi wa mahojiano. (Roland Barthes, mhakiki Mfaransa, yeye alitangaza kifo cha mwandishi mwaka 1967. Marehemu ameendelea kujibu maswali.)

Lakini yuko Jane Austen, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, na kwake msimamo wangu unalegea. Alifariki mwaka 1817. Zaidi ya miaka 50 baadaye mpwa wake alichapisha kumbukumbu za shangazi huyo, na humo anasimulia kwamba wakimuuliza, alikuwa akiwaambia yaliyowapata watu wake baada ya vitabu kuisha. Kitty Bennet wa Pride and Prejudice aliolewa na kasisi karibu na Pemberley, kwenye jumba la shemeji yake. Mary, dada yake, alimpata karani mmoja wa mjomba wake, akaridhika kuwa nyota wa Meryton, mji wao mdogo. Baba yake Emma, wa riwaya ya jina hilo, aliishi kama miaka miwili baada ya arusi ya bintiye.

Na kuna ile pauni. Katika Mansfield Park, Bi Norris, yule shangazi bahili, anajigamba kwamba alipomuaga William, kijana baharia, alimpa kitu cha maana mkononi. Lady Bertram, kwa unyofu wake wote, anasema amefurahi kusikia hivyo, kwa sababu yeye alimpa pauni 10 tu. Bi Norris uso unamwiva. Kitabu hakisemi kilikuwa kiasi gani. Nyumbani, Austen aliwaambia: pauni 1.

Nilicheka peke yangu niliposoma hilo, na hakuna nilichopokonywa. Ule uso kuiva ulikuwa umeshaniambia. Aliyeielewa sura ile hahitaji pauni, na aliyepewa pauni bado anahitaji sura ile ili acheke. Isitoshe, Austen hakuwa akimtangazia mtu. Alikuwa akipiga soga na watoto wa ndugu zake, kama mtu anayeleta habari za majirani, na wala hakujua kwamba siku moja mimi nitasikia.

Kesho nitamtumia rafiki yangu kisa cha pauni, kiwe radhi ya ule ukali. Najua atakachoniuliza: ungekuwa mle sebuleni, ungenyamaza? Nisingenyamaza. Ningeuliza habari za Charlotte Lucas wa Pride and Prejudice, aliyeolewa na Bwana Collins ili apate kwake, na ambaye kitabu kinamwacha mjamzito, na nyumba yake na kuku wake. Ningetaka kujua kama kuna siku alijuta. Austen angejibu lolote, ningemwamini papo hapo, nadharia zangu zote za gharama pembeni.